Siku ya Tatu Bila Jembe

Tulimwita Lwandle, yaani bahari kwa Kizulu chetu,
na miaka tisa ikapita bila mwenye jina kuliona jina lake.
Kila Desemba palikuwa na paa linalovuja,
au gari, au msiba, au ada.
Mwaka huu nilifunika cherehani kwa shuka,
nikamwambia Mfanafuthi: washa gari
kabla sijaanza kupiga hesabu tena.

Saa sita za barabara kutoka Newcastle.
Mama mkwe wangu, MaKhoza, amepakata chupa nne tupu za soda
kama aliyepakata vifaranga.
"Za maji ya bahari," alisema. "Hayauzwi dukani."

Mji wenyewe ni mtaa mmoja unaosinzia.
Kando ya njia, kibao kimechorwa kiboko:
Jihadhari usiku.
Tukacheka.

Saa mbili usiku kicheko kikatugeukia.
Kiboko mzimamzima, mpana kama kabati la urithi,
anakata nyasi za nyumba tuliyopanga,
kruu, kruu, hainui kichwa,
na nyama yetu yote ya kuchoma imo kwenye buti la gari,
ng'ambo yake.
Mfanafuthi akashika ufunguo, akauacha, akaushika.
"Nenda basi, baba mwenye nyumba," nikamchokoza.
"Mwenye nyumba yuko nje," akajibu.
Tukala mkate na chai, taa zimezimwa,
pua tano kwenye kioo kimoja,
na Sinqobile, ambaye tangu atimize kumi na minne
huzungumza na simu tu,
akaninong'oneza:
"Mama, tazama masikio yake. Madogo kama ya mwanasesere."

Siku ya pili tulilala.
Tulilala hadi jua likatuonea haya.

Siku ya tatu, husemwa, mgeni mpe jembe.
Sisi hakuna aliyetupa hata ufagio.
Tukaendesha polepole kupita hifadhini;
faru akavuka na mwanawe, tope limemkauka mgongoni,
hakutujali, kama karani aliyekwisha kufunga dirisha.
Kisha vilima vya mchanga vyenye msitu kichwani,
kisha harufu ya chumvi,
kisha

Lwandle hakusema kitu.
Alisimama pale maji yanapoishia, mikono ubavuni,
kama anayesubiri kuitwa jina darasani.
Wimbi likaja, likamlamba vifundo, likarudi.
"Baridi," akasema.
Halafu: "Tena."

Nyuma yetu tumbili walifungua kapu kwa adabu zote,
zipu kwanza, kifuniko baadaye,
wakaenda na ndizi na mkate,
wakatuachia pilipili.

MaKhoza akakunja sketi, akaingia hadi magotini,
akainamisha chupa ya kwanza.
Bahari ikampiga kikumbo.
Akaketi kitako majini, kilemba kimemwendea upande,
akicheka kicheko ambacho sijakisikia
miaka kumi na sita niliyoolewa kwake.
Chupa aliiinua juu. Haikumwaga tone.

Na mimi, niliyebeba kitambaa cha kudarizi
ili nisikae bure,
nilikaa bure.
Nilikaa bure mno.
Mchanga ulijifunza kiuno changu, ukakishika,
na mtu aliponiuliza saa ngapi
nilimwonyesha mawingu.

Sasa ni Julai. Newcastle imeganda,
king'ora cha kiwanda hulia kukiwa bado giza.
Chupa tatu MaKhoza amewagawia majirani,
kila mmoja na maradhi yake.
Moja imebaki juu ya friji, mchanga umetuama chini.
Nikirudi kazini, kabla sijavua koti,
huitikisa kidogo, kwa siri,
nione kama bado lina wimbi lile.

Shingoni mwake Lwandle amebandika karatasi,
herufi kubwa, wino wa shule:
MSINYWE. MSIMWAGE.
HUYU NI MIMI.